Maswali Yenu: Marisiva Wapya Tena? Kwani Waliopo Wamefanya Nini?

Drafti ya 2025 ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, pale timu zinapogawana vijana wapya, imepita, usajili mkubwa umepita, na barua zenu nusu zinalilia kitu kimoja, risiva mpya, yaani mtu wa kwenda mbali kudaka mpira unaorushwa. Kuna timu mashabiki wake wanalilia risiva hata kama nyumba inawaka moto jikoni. Nimechagua barua chache, nyingine zilikuwa zinafanana sana nikaziunganisha, na zile za matusi nimezisoma nikacheka nikaziacha.

SWALI: Mzee wa safu shikamoo. Mi na shemeji yangu tunakaa hapa Kansas City na tumefika mahali hata chai hatunywi pamoja vizuri. Tangu kile kipigo cha 40-22 pale New Orleans yeye ni wimbo mmoja tu, Chiefs wetu wavunje benki walete marisiva wawili wakubwa, eti kotabeki Mahomes, mrusha mpira wetu, hana mtu wa kumrushia. Mi nasema tatizo sio hilo, ila akiniuliza ni lipi nababaika. Tuamulie. — Shabiki Mwenye Presha, Kansas City

JIBU: Marahaba. Msalimie shemeji, halafu mwambie hapana, ila mwambie taratibu maana kuna mwaka mmoja alikuwa na haki kabisa ya kulia na ntafika huko.

Tuanze na hiyo fainali ya Februari 2025 maana ndo inayowagombanisha. Mpaka mapumziko ubao unasoma Eagles wa Philadelphia 24 Chiefs sifuri, na Chiefs wote kwa ujumla wao wamesogea yadi 23. Nusu nzima ya mechi, yadi 23! Ukiiona hiyo namba haraka haraka utasema basi marisiva hawafunguki. Sasa fanya hivi, itafuteni ile mechi muiangalie tena wewe na yeye, ila safari hii msifuate mpira, wekeni macho kwa wale watu watano wakubwa walioinama mbele ya Mahomes kumlinda, ndo inayoitwa laini. Eagles walikuwa wanatuma watu wanne tu kumfuata kotabeki, mechi nzima hawakuhangaika kuongeza mtu wa tano, na hao wanne wakamlaza chini mara 6, kila kumlaza kunaitwa seki, Josh Sweat peke yake kachukua seki mbili na nusu. Maana yake nini, maana yake nyuma wamebaki saba wanakaba watu watano, kila risiva ana mtu wake na bado kuna wawili wamezagaa wanasubiri mpira uje vibaya, ndo hivyo hivyo yule dogo Cooper DeJean akauokota wake akakimbia nao yadi 38 hadi mwisho wa uwanja, tachidauni hiyo, na ilikuwa siku yake ya kuzaliwa anatimiza miaka 22. Hapo hata umlete risiva gani duniani, ataanza kufunguka wakati Mahomes keshakula nyasi.

Na tena wale wale marisiva wasiofaa, Xavier Worthy kamaliza na mipira 8, yadi 157, tachidauni 2. Najua shemeji atasema zilikuja mechi imeshakufa, na ni kweli, tachidauni yake ya kwanza ilikuja ubao ukiwa 34-0. Lakini huo ndo ushahidi wenyewe, Eagles walipolegeza kidogo Mahomes akapata muda na yule yule Worthy akaonekana, hakubadilishwa mtu hapo katikati.

Akiendelea kubisha mrudishe nyuma zaidi, Februari 2021, Tampa. Chiefs wana risiva Tyreek Hill, wana Travis Kelce, wote wazima, kasi yote ile unayoijua. Wakapigwa 31-9 na Buccaneers na hawakufunga hata tachidauni moja. Kwa nini, kwa sababu walinzi wote wawili wa pembeni kwenye laini, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi, na Mahomes alicheza usiku mzima anakimbizwa kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo una fainali mbili walizopigwa kwa aibu, moja wakiwa na risiva anayetisha kuliko wote kwenye ligi na nyingine wakiwa na hawa vijana anaowadharau shemeji, na zote mbili kilichopasuka ni laini. Kwenye msimu wa hii ya Februari 2025 ile nafasi ya kushoto ya laini ilikuwa imepwaya muda mrefu, wamejaribu huyu wamejaribu yule, mwisho wakamtoa Joe Thuney ndani kwenye nafasi yake ya gadi wakampeleka pembeni, na mtu wa ndani ukimpeleka pembeni akutane na watu wa Philadelphia unajua kitakachotokea.

Baada ya Tampa walifanya nini? Hawakununua risiva. Waliivunja laini nzima wakaijenga upya, Thuney huyo huyo, Orlando Brown, wakadrafti Creed Humphrey na Trey Smith. Mwaka uliofuata, Machi 2022, wakamuuza Hill kwenda Miami kwa piki tano, yaani zamu tano za kuchagua vijana kwenye drafti, na Miami wakampa mkataba mpya wa miaka minne dola milioni 120. Nakumbuka kelele zilizopigwa, kila mtu anasema Chiefs wamejimaliza wenyewe. Msimu ule ule Mahomes akarusha yadi 5,250, akaongoza ligi, akawa MVP, mchezaji bora wa ligi, wakachukua kombe kwa kuwafunga Eagles 38-35. Mwaka uliofuata wakachukua tena mbele ya 49ers, 25-22 kwa muda wa nyongeza. Hill naye kule Miami hakucheza vibaya, tusimwonee, alipata yadi 1,710 mwaka wa kwanza na 1,799 wa pili, ni namba za kutisha, ila pleiofu, mechi za mtoano, hawakushinda hata moja. Na ile ya Januari 2024 ndo karudi mwenyewe Arrowhead, uwanja wa Chiefs, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, masharubu ya kocha Andy Reid yameganda barafu unaona kabisa kwenye TV, kofia ya Mahomes imepasuka kipande kimeruka, na Hill kafunga ya kwake moja, yadi 53, halafu basi. 26-7.

Sasa huo mwaka wa shemeji. Ni msimu wa 2023, na hapo mi mwenyewe nilikuwa nashika kichwa. Mechi ya kwanza kabisa na Lions, Kelce majeruhi yuko nje, mpira unamfika risiva Kadarius Toney mkononi, hana mtu wa kumsumbua, unampita kwenye vidole unaenda kwa beki wa Lions Brian Branch anakimbia nao tachidauni. Wamefungwa 21-20. Novemba na Eagles, Mahomes anamrushia Marquez Valdes-Scantling mpira mrefu mzuri ambao ungewapa uongozi mwishoni, unagonga mikono unaanguka, 21-17. Desemba na Bills, Kelce kadaka, akamrushia Toney pembeni kwa akili nyingi sana, Toney kaingia golini, uwanja mzima unaruka, kumbe Toney alikuwa kaotea toka mpira haujaanza. Sio kwa bahati mbaya ya nusu kidole, kaotea kabisa kabisa, mguu mbele ya mpira. 20-17.

Mwaka ule ungesema leteni risiva ningekusainia karatasi. Ila angalia waliponaje. Hawakukimbilia jina kubwa. Rashee Rice, dogo waliyemchukua raundi ya pili mwaka ule ule, walimpa mipira mingi zaidi kadiri msimu ulivyokwenda akamaliza na mipira 79 na yadi 938. Toney akawekwa kando. Na Valdes-Scantling yule yule aliyedondosha, kwenye mechi na Ravens ya kwenda fainali ndo aliyedaka mpira wa yadi 32 uliofunga hesabu, 17-10. Walichokosa ni mikono inayoaminika, na mikono haiuzwi kwa bei ya milioni 30 kwa mwaka tu, inapatikana hata raundi ya pili.

Na mwaka 2025 Chiefs wenyewe walishawajibu nyie wawili. Piki yao ya kwanza kwenye drafti, namba 32, wamemchukua Josh Simmons wa Ohio State, mlinzi wa kushoto, tena kijana anatoka kwenye jeraha la goti. Kabla ya hapo walishamsaini Jaylon Moore kutoka 49ers, naye mtu wa pembeni, miaka miwili dola milioni 30. Risiva wamechukua mmoja, Jalen Royals, raundi ya nne. Kwa hiyo mwambie shemeji risiva wake amepatikana, ila yuko mwisho wa foleni. Kinachonitia wasiwasi mimi ni Thuney kuuzwa Bears, hapo sijawaelewa bado.

SWALI: Mwanangu yuko Minneapolis, akipiga simu ni habari za Vikings tu na huyo Jefferson wake. Nataka na mimi nimjibu kitu cha maana. Hivi huyo risiva hasa kazi yake nini, na kwa nini analipwa hela zote hizo wakati muda mwingi namuona anakimbia tu halafu anarudi? — Mama wa Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Umeona vizuri kuliko wengi, kweli muda mwingi anakimbia anarudi, ndo kazi hiyo. Kotabeki ndiye anayeurusha mpira, risiva ndiye anayetumwa mbali kwenda kuupokea. Kabla hawajaanza kila risiva keshaambiwa njia yake, wanaiita ruti, kwa mfano kimbia yadi kumi kata ndani, au kimbia yadi tano simama geuka, na beki aliyepewa kumkaba hajui ni ipi. Kwa hiyo risiva anamdanganya beki, na kotabeki anarusha mpira mahali ambapo risiva hajafika bado, akiamini atafika. Kwenye mchezo mmoja wanatumwa watu hata watano lakini mpira ni mmoja, ndo maana wanne wanarudi mikono mitupu, ila mmoja wao huenda ndiye aliyemvuta beki akaacha nafasi kwa mwenzie.

Justin Jefferson analipwa hela hizo kwa sababu hata akikabwa na watu wawili bado anadaka. Juni 2024 walimpa miaka minne dola milioni 140. Na mwambie mwanao hili, atashangaa umelitoa wapi, Vikings walimpata Jefferson kwa piki waliyopewa na Bills baada ya kuwauzia Stefon Diggs mwaka 2020. Waliuza risiva wakapata risiva, tena mdogo na kwa bei ya chee miaka minne ya kwanza.

Fainali yao ikija Februari huanza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu za huku, lala mapema uamke.

SWALI: Jambo sana mkubwa. Sisi huku Cincinnati tuna kotabeki Joe Burrow, tuna marisiva Ja'Marr Chase na Tee Higgins, wote wamelipwa, na bado Januari tunakaa nyumbani tunaangalia wenzetu. Tufanye nini zaidi? — Mkongomani Mwenye Jezi ya Machungwa

JIBU: Jambo ndugu yangu, pole sana. Nyinyi ndo mfano ninaoutumia kila mtu akinilazimisha kwamba risiva ndo dawa.

Mwaka 2021 mlikuwa na piki ya tano na ligi nzima inabishana, mchukue Chase au mchukue Penei Sewell, mlinzi wa pembeni. Mkamchukua Chase, Lions wakamchukua Sewell namba 7. Na mi sitasema mlikosea, maana Chase mwaka wa kwanza tu kaja na yadi 1,455 na mkafika fainali. Ila njiani humo Burrow aliangushwa mara 9 na Titans kwenye mechi moja, mkashinda 19-16 sijui kwa miujiza gani, halafu kwenye fainali na Rams akaangushwa mara 7, mkafungwa 23-20. Risiva alikuwepo. Ile mipira ya mwisho kabisa ya fainali Aaron Donald alimfikia Burrow kabla hajaachia vizuri, hapo risiva angefanyaje.

Sasa njoo 2024. Chase kaongoza ligi nzima kwa kila kitu, mipira 127, yadi 1,708, tachidauni 17. Burrow kapiga yadi 4,918 na tachidauni 43. Mwisho wa msimu 9-8, nje. Novemba mlienda Baltimore Chase akadaka mipira 11, yadi 264, tachidauni 3, mtu mmoja huyo usiku mmoja, na mkafungwa 35-34. Mwezi mmoja kabla Ravens hao hao waliwafunga 41-38. Steelers wakaja kwenu wakaweka 44 nyie 38. Kaka, ukifunga pointi 38 nyumbani ukafungwa, unataka risiva afanye nini tena, avue viatu aingie kukaba?

Kwa hiyo shida yenu haiko pembeni huko, iko nyuma na mbele kwenye difensi, upande wa kukaba. Na hapo ndo Machi 2025 mkampa Chase miaka minne dola milioni 161 na Higgins miaka minne milioni 115. Ukichukua wastani wa mwaka hao wawili wanagusa karibu milioni 69, wakati kikomo cha mishahara cha timu nzima mwaka 2025 kilikuwa milioni 279 na ushee, na Burrow bado hujamhesabu. Kinachobaki ndo mgawane watu hamsini. Simlaumu Chase hata kidogo, kila senti ni haki yake, ila nilisikia mmoja wenu kwenye kipindi fulani anasema mngeongeza na risiva wa tatu. Wa kazi gani?

SWALI: Bills walimuuza risiva Diggs na hawakuleta mtu wa maana. Kotabeki wetu Josh Allen kawa MVP. Je hii ni kwamba risiva hana umuhimu kabisa? — Wa Buffalo, Barafu Mpaka Magotini

JIBU: Hapana bwana usiende upande huo nako. Umuhimu anao, swali ni lini.

Rudi 2020, Bills wana Allen kijana, ana mkono wa ajabu lakini anarusha ovyo, hajui amwamini nani. Wakamleta Diggs, mtu anayefunguka haraka na anayekuwa pale pale alipoambiwa atakuwa, na Allen akabadilika mwaka ule ule. Hapo risiva alihitajika na alistahili ile piki yote. Eagles nao hivyo hivyo, usiku wa drafti 2022 wakampata A.J. Brown kutoka Titans, Jalen Hurts akaacha kuwa kotabeki wa kukimbia tu. Wao laini yao ilikuwa tayari imesimama, hilo msilisahau, Brown alikuja kukaa kwenye nyumba iliyoezekwa. Titans waliomuuza, wale waliomaliza 12-5 msimu wa kabla yake, wakaporomoka 7-10.

Mpaka 2024 Allen keshakomaa, anasoma difensi mwenyewe, na laini yake ikaruhusu seki 14 tu msimu mzima, ndogo kuliko timu yoyote kwenye ligi. Kotabeki wa namna hiyo ukimpa muda wa namna hiyo anamtafuta yeyote aliye wazi. Risiva wake aliyeongoza ni Khalil Shakir, yadi 821, namba ambayo Chase anaifikisha kabla baridi haijaanza, na wakashinda mechi 13.

Mi nikitaka kujua timu inahitaji risiva kweli naangalia jambo moja tu. Wakikabwa mtu kwa mtu, kila beki na wake, na kotabeki ana muda, je kuna anayefunguka? Kama kuna muda na hakuna anayefunguka, basi leteni risiva, nakubali, hata kesho. Kama wanafunguka ila kotabeki yuko chini, au wanafunguka na wanadondosha, hayo ni magonjwa mengine. Difensi zikikaba eneo hapo hata risiva wa kawaida anakaa kwenye nafasi akadaka, kwa hiyo mechi hizo zisikudanganye.

Na nyie mliishia wapi? Januari 2025 Kansas City, 32-29. Mpira wenu wa mwisho, jaribio la nne ambalo ndo la mwisho, zimebaki yadi tano, Allen anatumiwa watu wa kumvamia, beki wa Chiefs Trent McDuffie katoka pembeni hana wa kumzuia, Allen akarusha anarudi nyuma, Dalton Kincaid akaugusa ukaanguka. McDuffie huyo ndiye Chiefs walipanda juu kwenye drafti kumchukua 2022 kwa kutumia piki ya raundi ya kwanza waliyoipata kwa kumuuza Hill. Nakwambia tu, usinichukie.

SWALI: Randy Moss. Mwaka 2007. Tachidauni 23. Bishana na hiyo. — Mzee wa Boston

JIBU: Sibishani mzee wangu, shikamoo. Patriots wenu na risiva Moss, 16-0 msimu wa kawaida, raha tupu. Halafu kwenye fainali Giants wakaja na watu wanne wa mbele wenye njaa, wakamuangusha kotabeki Brady mara 5, 17-14. Brady alichukua makombe matatu kabla ya Moss na mengine mengi baada yake.

SWALI: Anko, mi nina miaka 16, niko Louisville, wazazi wangu walikuja kutoka kambini Nyarugusu. Nilikuwa nacheza soka tu, mwaka jana kocha akaniona nina mbio akaniweka risiva. Shida mpira siupati, mechi nzima labda mmoja au hamna. Na nimesikia kocha anataka kuleta risiva mwingine anahamia kutoka shule nyingine. Niache nirudi soka? — Mwenye Mbio

JIBU: Mwanangu usiache. Na huyo anayehamia mwache aje, uwanjani wanakaa marisiva watatu hadi wanne kwa mpigo na wanachoka.

Ngoja nikuulize mambo manne, ujijibu mwenyewe kwa ukweli maana mi sikuoni. La kwanza, hatua zako tatu za mwanzo zinafanana kila mara? Watu wa mbio wana tabia hii, ukitumwa mbali unaondoka kama risasi, ukitumwa karibu au mchezo sio wako unaondoka kama unaenda dukani, beki anakusoma toka hapo. Ondoka hivyo hivyo kila mara, kasi ile ile, mabega chini yale yale, hata mchezo ambao unajua mpira hauji kwako kabisa. Beki asijue.

La pili mikono. Nyie mliotoka soka mnapenda kuupokea mpira na kifua, unaukumbatia, na ule mpira ulivyochongoka ukigonga kifua unaruka. Daka kwa vidole mbali na mwili. Mpira ukija juu ya kifua vidole gumba vikutane, ukija chini ya kiuno vidole vidogo vikutane, na uangalie mpira mpaka umeingia kwapani ndo ukimbie, usikimbie kabla. Mwombe ndugu yako akurushie mpira wa tenisi kila jioni, ukishazoea kitu kidogo hicho ule mkubwa utauona kama boga.

La tatu, kotabeki wenu unamjua? Sio jina lake, unajua anapenda kuurusha wapi, anaachia mapema au anachelewa? Kotabeki wa sekondari anarusha kwa anayemwamini, na imani hiyo haijengwi siku ya mechi. Kaa naye baada ya mazoezi, mwambie nirushie ishirini tu, ruti moja ile ile, yadi kumi kata nje, mpaka ajue utakuwa pale hata akifumba macho.

La nne ndo ambalo litakupa namba, kuzuia. Mwenzako akikimbia na mpira upande wako, wewe unafanya nini, unasimama unaangalia au unaenda kumkalia beki njiani? Makocha wanapenda risiva anayezuia kuliko unavyofikiri, wengi wa umri wako hawataki hiyo kazi kwa sababu haina picha. Na timu za kupiga na kurudisha mpira, jitolee humo. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga, hajawahi kucheza mchezo huu maishani, akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013 na njia yake ilikuwa hizo hizo timu za kupiga mpira, sio kwenye nafasi ya kifahari.

Mi nashuku pia, na sijaiona timu yenu, kwamba laini yenu haimpi kotabeki muda na ndo maana mipira haifiki kwa mtu yeyote, sio wewe tu. Muulize kocha kwa adabu akuonyeshe video ya mechi mbili za mwisho, uhesabu ni mara ngapi ulifunguka na mpira haukurushwa. Ukishahesabu niandikie tena, na salamu kwa mzee na mama.